Wapigaji wa Ndimi Mbili

Kwetu mtu mwenye ndimi mbili haaminiki. Asubuhi asema hivi, jioni asema vile. Majirani humwepuka na wazee huwaonya watoto wasimfuate. Lakini wako watu duniani ambao hawawezi kusema kweli ila kwa ndimi mbili, na ulimi mmoja hauwafai kitu. Hao ndio wapigaji wa oboe na wapigaji wa basuni. Vyombo vyao hulia kwa vipande viwili vyembamba vya tete, vilivyofungwa uso kwa uso kwa uzi. Mpigaji akivuma, vipande hivyo hupigana haraka kupita macho, na hapo sauti huzaliwa. Kimoja kikipasuka, chombo chote hubaki fimbo yenye matundu.

Watu hao ni wachache katika kila nchi. Ndiyo maana wana desturi ya kukusanyika. Vyuo vikuu vingi vya Marekani huweka kila mwaka siku moja, mara nyingi Jumamosi, na kuwaita wapigaji wote wa oboe na basuni wa jimbo lao: walimu, wanafunzi wakubwa, watoto wa shule za sekondari, hata wazee wanaopiga nyumbani kwa furaha yao tu. Tena iko jumuiya ya kimataifa ya wapigaji hao, iliyoanzishwa mwaka wa 1971, ambayo hufanya mkutano mkubwa wa siku kadhaa katika chuo kikuu kimoja au kingine. Wasomaji wapenzi, twendeni leo tukaone mahali pamoja palipowapokea, na tujue watu hao hutafuta nini wanapokutana.

MJI ULIO CHINI YA MAWE

Msafiri akitoka Denver, mji mkuu wa jimbo la Colorado, huelekea kaskazini-magharibi. Upande wa mashariki ni nyika tambarare isiyo na mwisho. Upande wa magharibi ni Milima ya Rocky, ambayo vilele vyake huwa na theluji hata siku za joto. Baada ya kilometa 40 na zaidi hufika Boulder. Nyuma ya mji yamesimama mawe makubwa mapana, yameegemea mlima kama mbao zilizoegemezwa ukutani. Wenyeji huyaita Flatirons, yaani pasi za kunyoshea nguo. Chini yake ni Chuo Kikuu cha Colorado, kilichoanzishwa mwaka wa 1876, mwaka ule ule jimbo lilipoingia katika Muungano wa Marekani. Nyumba zake nyingi zimejengwa kwa mawe mekundu ya mchanga na kuezekwa kwa vigae vyekundu, mtindo wa vijiji vya Italia. Mgeni akiziona kwa mbali jioni, hawezi kutenga nyumba na mlima.

Mji huu uko juu ya bahari kwa mita 1,650 hivi. Wasomaji wetu wa Bukavu wasishangae, kwa maana nao hukaa karibu juu sawa na hapo. Lakini Bukavu ina ziwa na mvua nyingi. Boulder ni pakavu, midomo hupasuka na kuni hukauka upesi. Hewa yake ni nyepesi na haina maji. Shika neno hilo, msomaji, kwa sababu tutalirudia: kwa mpigaji wa oboe, hewa ya mahali si jambo dogo.

Hapo Boulder, mwezi wa Julai 2022, ndipo jumuiya ile ya kimataifa ilipokutana. Mkutano ule ulikuwa na uzito wake. Miaka miwili ya ugonjwa wa korona ilikuwa imewafungia watu nyumbani, na mikutano ilikuwa imefanywa kwa njia ya intaneti tu. Kwa mpigaji wa chombo cha kuvumwa miaka ile ilikuwa migumu kuliko kwa wengine: mpiga fidla aliweza kufunika mdomo na pua akaendelea na kazi, bali mwenye oboe angefanyaje? Pumzi yake, ambayo ndiyo riziki yake, ilikuwa imegeuka kuwa kitu cha kuogopwa. Basi mtu aweza kufahamu furaha ya watu hao walipoweza tena kuketi chumba kimoja na kuvuma pamoja.

MTOTO ALIYE PEKE YAKE

Siku ya mkusanyiko, uwe mkubwa au mdogo, huwa na mwendo wake. Asubuhi magari huja, na ndani yake hutoka watoto wenye visanduku mkononi. Sanduku la oboe ni dogo, ungedhani ni la vitabu. La basuni ni kubwa na zito. Watoto huandikwa majina, hupewa karatasi ya ratiba, kisha huingia ukumbini wakitazamana kwa haya.

Haya hiyo ina sababu. Katika bendi ya shule ya Marekani filimbi ni nyingi, klarineti ni nyingi, tarumbeta hazihesabiki. Oboe huwa moja au mbili, na basuni vivyo hivyo. Shule nyingi hazina hata moja. Mwalimu wa bendi mara nyingi alisomea tarumbeta au ngoma. Ajua habari za oboe kwa vitabu, lakini hawezi kumwonyesha mtoto jinsi ya kuweka midomo. Mwenye klarineti akikwama humwuliza jirani yake; mwenye oboe jirani yake ni mpiga filimbi, ambaye hana jibu. Basi mtoto huyo hukaa miaka miwili au mitatu akidhani sauti mbaya inayotoka ni kosa la kichwa chake mwenyewe. Wengi huacha wakati huo.

Sasa fikiri mtoto wa namna hiyo akiingia ukumbi wenye wapigaji 60 wa chombo chake. Kumbe wengine nao hupata taabu na noti ile ile! Kumbe ulimi wa tete aliouziwa dukani ulikuwa mgumu kama ubao, na kwa ulimi huo hata mwalimu mkuu asingetoa sauti nzuri! Neno hilo moja, akiambiwa na mtu ajuaye, laweza kumbakiza katika muziki maisha yake yote. Na hilo ndilo jambo kubwa linalotafutwa siku ile. Matamasha ni mapambo yake.

TETE LA MTO NA KISU CHA FUNDI

Baada ya salamu, wengi huelekea chumba chenye meza ndefu, visu, uzi wa rangi na vikombe vya maji. Hapo ndimi hutengenezwa. Anayetaka kujua moyo wa watu hawa na akae chumba hicho.

Tete lenyewe latoka mbali. Ni jani kubwa la jamaa moja na matete tunayoyaona kando ya mito na maziwa yetu, ingawa silo lile lile. Wataalamu huliita Arundo donax. Huota sehemu nyingi za dunia, lakini tangu zamani wapigaji hupenda zaidi lile la mkoa wa Var, kusini mwa Ufaransa, karibu na miji ya Fréjus na Hyères, penye jua na upepo wa bahari. Hukua kupita urefu wa nyumba. Wakulima hulikata wakati wa baridi likiwa na umri wa miaka miwili hivi, kisha hulikausha polepole na kuligeuza juani mpaka rangi ya kijani iwe rangi ya dhahabu. Kwa oboe huchagua tete lenye upana wa milimita 10 au 11. Kwa basuni huchagua lenye milimita 24 hivi na zaidi.

Fundi hulipasua tete, huchimba ndani mpaka unene ubaki nusu milimita na kidogo, hulilowesha, hulikunja katikati, na kulifunga kwa uzi juu ya mrija mdogo wa madini. Kisha hukata lile kunjo, na tazama, zimekuwa ndimi mbili zinazotazamana. Hapo kazi yenyewe ndiyo kwanza yaanza. Kwa kisu kikali huparua vumbi jembamba, huvuma, husikiliza, huparua tena. Ncha ya ulimi haifiki sehemu ya kumi ya milimita. Mkono ukiteleza mara moja, kazi ya saa nzima huanguka chini. Na ulimi ukikubali, hauishi siku nyingi: baada ya wiki mbili au tatu za kupigwa huchoka na kufa, na mpigaji huanza tena. Mpigaji wa oboe aliyekomaa hutumia saa nyingi kwa kisu chake kila wiki, pengine nyingi kama zile za kupiga.

Sasa turudi kwenye hewa ya Boulder. Ulimi uliotengenezwa pwani, penye hewa nzito na yenye maji, ukipandishwa mlimani hubadilika tabia. Uliokuwa mtiifu huwa mkaidi. Hujifunga, hukauka, hukataa noti za chini. Basi wageni wanaotoka miji ya pwani huwahi kufika, hufungua visu vyao, na kuparua upya ndimi zao ili zipatane na mlima. Hata bingwa wa okestra kubwa hana njia ya kukwepa. Tete halijui sifa za mtu. Lajua unyevu tu. Kwa hiyo katika chumba kile utaona profesa mwenye mvi na mtoto wa miaka 14 wameketi meza moja, wote wawili wameinamisha vichwa, wote wawili wanalalamika juu ya tete.

PUMZI ILIYOZIDI NA MZIGO WA KUNI

Tuvitazame vyombo vyenyewe. Oboe ina urefu wa sentimita 65 hivi. Ilipata umbo lake katika Ufaransa ya karne ya 17, katika nyumba ya Mfalme Louis XIV, kwa mikono ya mafundi waliotengeneza upya zumari za zamani zilizopigwa nje viwanjani ili zifae kupigwa ndani ya kumbi. Tundu la ulimi wake ni dogo mno. Watu hudhani mpigaji huchoka kwa kukosa pumzi; kinyume chake ndicho kweli. Pumzi humzidi. Hewa aliyovuta haipati njia ya kutoka, huchakaa kifuani, na kabla ya kuvuta mpya humbidi kwanza aitoe ya zamani. Mtoto asiyefundishwa jambo hilo huona kizunguzungu na kudhani ni mgonjwa.

Basuni ni kaka mkubwa. Bomba lake lina urefu wa mita mbili na nusu, lakini limekunjwa, likasimama kama mtoto wa shule: mita moja na sentimita 34 hivi. Waitalia huiita fagotto, na watu hulieleza jina hilo kuwa ni mzigo wa kuni. Hutengenezwa kwa mti wa mepo. Kidole gumba cha mkono wa kushoto peke yake kina vibonyezo karibu tisa vya kushughulikia. Vidole vya mtoto mdogo havifiki. Kwa hiyo wengi huanza wakiwa wakubwa kidogo, au hupewa basuni ndogo zilizotengenezwa kwa ajili yao.

Saa nne asubuhi chumba cha wauzaji hujaa. Juu ya meza kuna oboe nyeusi zenye vibonyezo vya fedha, basuni nyekundu zinazong'aa, visu, uzi, vitabu vya muziki, na matete katika mifuko. Hapo ndipo wazazi hunyamaza. Oboe nzuri hununuliwa kwa maelfu ya dola; basuni ya mafundi wakubwa, kama wale wa nyumba ya Heckel huko Ujerumani iliyoanza kazi mwaka wa 1831, hufika makumi ya maelfu, bei ya gari na zaidi. Ndiyo maana shule nyingi hununua chombo kimoja na kukirithisha mtoto kwa mtoto. Mmarekani mmoja, Hugo Fox, aliyekuwa mpigaji wa basuni katika okestra ya Chicago, alirudi kwao South Whitley, jimbo la Indiana, akaanzisha huko mwaka wa 1949 karakana ya basuni, na leo watoto wengi wa Marekani huanzia vyombo vya karakana hiyo.

Lakini sisi, tukisimama mbele ya oboe ile nyeusi, tutambue jambo ambalo wengi chumbani hawalijui vema. Mti ule ni wetu Afrika. Ni mpingo, mti mzito unaozama majini, uotao Tanzania na Msumbiji. Wachongaji wa Kimakonde huujua. Watengenezaji wa oboe na klarineti huutafuta kwa sababu haupasuki upesi na matundu yake hubaki laini kwa miaka mingi. Hukua polepole sana: huhitaji miaka 70 au zaidi kabla ya kufaa kukatwa. Anayepanda mpingo hapandi kwa ajili yake wala kwa ajili ya mwanawe.

Kwa miaka mingi wanakijiji waliokaa msituni walipata senti chache kwa gogo lililokwenda kuuzwa ng'ambo kwa bei kubwa. Katika wilaya ya Kilwa, kusini mwa Tanzania, vijiji vilipewa haki ya kusimamia misitu yao wenyewe, na mwaka wa 2009 vikapata cheti cha kimataifa cha kuthibitisha kwamba miti yao hukatwa kwa utaratibu. Tangu hapo walipouza mpingo, fedha iliingia katika mfuko wa kijiji. Tena mwaka wa 2017 mataifa yaliweka sheria kwamba miti yote ya jamaa ya mpingo isivuke mipaka bila kibali. Wapigaji wakapata hofu ya kunyang'anywa vyombo vyao mpakani, mpaka vyombo vilivyokwisha tengenezwa vilipoondolewa katika masharti hayo kwa uamuzi wa mwaka wa 2019. Hivyo mkulima wa Kilwa na mtoto wa Colorado, ambao hawatakutana kamwe, wameshika ncha mbili za mti mmoja. Msitu ukiisha kwa huyu, muziki wapungua kwa yule.

NDUGU WA ZUMARI

Tena kuna undugu mwingine. Pwani yetu ya Kiswahili, Lamu na Mombasa, wako wapiga zumari ambao huongoza ngoma na harusi. Zumari nayo hulia kwa ndimi mbili. Asili yake ni moja na surnai ya Waajemi, zurna ya Waturuki na shehnai ya Wahindi. Na zumari za Ulaya ya zamani, ambazo ndizo mama wa oboe, zilifika kule zikitoka mashariki, kama wataalamu wanavyoeleza. Tofauti ni hii: mpiga zumari hutia ulimi wote kinywani, akajaza hewa mashavuni, na huku akivuta pumzi kwa pua huendelea kutoa sauti bila kukatika. Siku hizi wapigaji wa oboe nao hujifunza ufundi huo, na katika mikusanyiko yao kuna masomo ya kuufundisha. Mzee wa pwani angetabasamu kuona maprofesa wakitoka jasho kwa jambo ambalo yeye alifunzwa utotoni.

SOMO LA HADHARA

Mchana huja saa ya kuogofya. Mwanafunzi mmoja husimama mbele ya wote, apige wimbo aliouandaa. Kisha mwalimu mgeni, ambaye mtoto amemsikia kwenye sahani za muziki tu, humsahihisha hadharani. Ungeweza kufikiri kwamba ni aibu. Lakini angalia jinsi linavyofanyika. Mwalimu mwema hasemi maneno mengi. Humwambia, "Mwanangu, imba kwanza bila chombo." Mtoto huimba kwa sauti inayotetemeka. "Sasa piga kama ulivyoimba." Na mara wote husikia tofauti, hata asiyejua muziki.

Mengi ya mafundisho hayo yalitoka kwa mtu mmoja, Marcel Tabuteau, Mfaransa aliyezaliwa mwaka wa 1887 na kwenda Marekani akiwa kijana. Tangu 1915 hata 1954 alikuwa mpigaji wa kwanza wa oboe katika okestra ya Philadelphia, na katika shule ya Curtis ya mji huo aliwalea wanafunzi wakali. Aliwafundisha kuziwekea noti namba, moja, mbili, tatu, nne, kwa kadiri ya nguvu ya kila moja, ili wimbo upande na kushuka kama mtu anenaye kwa akili. Wanafunzi wake wakawa wapigaji na walimu wa nchi nzima. Nao wakafundisha wengine. Leo katika chuo kikuu chochote cha Marekani, mwalimu wa oboe akihesabu nasaba ya walimu wake, mara nyingi hafiki mbali kabla ya kulitaja jina hilo. Ni ukoo wa ufundi, kama ulivyo ukoo wa wahunzi kwetu.

Mwanafunzi mmoja wa Tabuteau, John de Lancie, aliacha hadithi ambayo vijana wa oboe hupenda kuisikia. Mwaka wa 1945 vita ilikuwa imekwisha Ulaya. De Lancie, wakati ule askari wa Marekani, alikwenda Garmisch, Ujerumani, kumtembelea mtunzi mzee Richard Strauss, mtu wa miaka 80 na zaidi, ambaye nchi yake ilikuwa magofu. Kijana alimwuliza kama hajawahi kufikiri kutunga konserto kwa ajili ya oboe. Mzee akajibu kwa neno moja tu: hapana. Mazungumzo yakaishia hapo. Lakini mbegu ilikuwa imeanguka. Mwaka ule ule Strauss aliitunga konserto hiyo, na mwaka wa 1946 ilipigwa mara ya kwanza mjini Zurich. Ndiyo maana walimu huwaambia wanafunzi wao: uliza tu, hata kama jibu la leo ni hapana.

Basuni nayo ina hazina yake. Antonio Vivaldi, padre wa Venice aliyezaliwa mwaka wa 1678, aliyefundisha muziki katika nyumba ya wasichana waliotupwa na wazazi wao, aliitungia konserto zaidi ya 35. Mozart aliitungia yake mwaka wa 1774, akiwa na miaka 18. Na wanafunzi wetu waliosikia hadithi ya Petro na Mbwamwitu, aliyoitunga Sergei Prokofiev mwaka wa 1936, wamekwisha kuvisikia vyombo hivi viwili: bata ni oboe, na babu mwenye kunung'unika ni basuni.

JIONI WAVUMAPO PAMOJA

Jioni wote huitwa jukwaani. Wadogo huketi na wakubwa, wenye ndimi nzuri na wenye ndimi mbaya. Kwanza oboe moja hutoa noti ya la, mitetemo 440 kwa sekunde, na wengine wote hujilinganisha nayo. Ndivyo ilivyo pia katika okestra kubwa: fidla, tarumbeta na vyote vingine hungoja oboe iseme. Husemwa kwamba ni kwa sababu sauti yake ni nyembamba, imara, na husikika wazi katikati ya nyingine. Chombo kigumu kuliko vyote ndicho kilichopewa kazi ya kuwaongoza wenzake katika kweli ya sauti. Tena mwenye kuitoa noti ile hana nafasi ya kujificha. Akikosea, okestra nzima imekosea pamoja naye.

Kisha kiongozi huinua mkono. Sauti itokayo haifanani na ya okestra. Oboe 30 na basuni 30 zikivuma pamoja, huwa kama kundi kubwa la ndege wa maji walioamka alfajiri, na chini yao wazee wakizungumza kwa sauti nzito. Si kila noti iliyo safi. Lakini mtazame yule mtoto aliyekuja asubuhi akiwa na haya. Hajawahi hata siku moja kupiga sauti ya pili huku mwenzake akipiga ya kwanza. Leo, kwa mara ya kwanza, amesikia chombo chake kikijibiwa.

Huko Uholanzi watu waliona hatari ya basuni kutoweka kwa kukosa vijana, wakaanzisha kampeni ya kuiokoa. Walifahamu kwamba chombo hakifi siku kinapovunjika. Hufa siku ambayo mjuzi wa mwisho hana wa kumwonyesha jinsi ya kushika kisu.

Wasomaji wapenzi, jambo hili latuhusu. Kinshasa, tangu mwaka wa 1994, iko okestra ya Wakimbangu iliyoanzishwa na Armand Diangienda; walipoanza, wapigaji walipokezana vyombo, mmoja akipumzika mwenzake apige. Walivyojifunza ni kwa kukutana, kila mmoja akimpa jirani kile kidogo alichokipata. Na katika vijiji vyetu wako wazee wapigaji wa zumari, wa likembe, wa malimba, wa ngoma zenye kusema, ambao wanakaa peke yao jioni kwa sababu vijana hawajawauliza neno. Haihitajiwi chuo kikuu cha mawe mekundu ili kuweka siku moja kwa mwaka. Yatosha uwanja wa shule, mkeka, wazee watatu wanaojua, na watoto wenye masikio. Wazazi na walimu wanaosoma ukurasa huu na wahesabu: katika parokia yao, nani ajuaye chombo ambacho hakuna kijana hata mmoja anayekijua? Wamwendee huyo kwanza, naye akisema hapana, waende tena mwezi ujao.